Likizo ya Agosti na Usomaji wa Fasihi katika Shule za Upili

Utangulizi

Huko Ulaya na Marekani, likizo ndefu ya shule huja wakati wa kiangazi na huchukua majuma mengi. Kalenda ya shule zetu nchini Kenya ni ya mihula mitatu, na likizo inayomkosesha usingizi mwanafunzi wa kidato cha nne ni ile ya Agosti, ambayo kwa kawaida huwa ya majuma matatu hivi. Likizo hii ndiyo mapumziko ya mwisho kabla ya mtihani wa KCSE. Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, mwanafunzi huachwa na vitabu vyake pasi na mwalimu wala kengele. Makala haya yanaeleza jinsi muda huo unavyoweza kutumiwa katika somo la fasihi.

Uzito wa somo lenyewe

Mtihani wa Kiswahili una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Insha ina alama 40. Karatasi ya lugha ina 80. Fasihi nayo ina 80. Katika karatasi hiyo ya tatu, mtahiniwa hujibu maswali manne yenye alama 20 kila moja kutoka nyanja za riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Uzito huu ndio unaowafanya wanafunzi wengi kutafuta njia ya mkato: mwongozo. Mwongozo humpa msomaji maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha vikiwa vimeorodheshwa tayari, mithili ya chakula kilichotafunwa na mwingine.

Hatusemi kwamba miongozo haina faida. Mwanafunzi aliyekwisha kukisoma kitabu anaweza kuutumia mwongozo kupima uelewa wake. Tatizo huzuka unapotangulia kitabu, au unapochukua nafasi yake kabisa. Tutwae mfano wa swali la dondoo. Mtahiniwa hutakiwa kueleza muktadha: msemaji, msemewa, mahali na kiini cha maneno. Mambo haya manne hayakaririki kwa orodha. Hujulikana na aliyeyafuata mazungumzo hatua kwa hatua. Isitoshe, vitabu vya kutahiniwa hubadilika. Kidagaa Kimemwozea kiliipisha Chozi la Heri, nayo ikaipisha Nguu za Jadi. Mwongozo wa riwaya moja hauifai nyingine, ilhali ustadi wa kusoma hauondoki.

Kusoma na kukumbuka

Wanafunzi wengi hurudia kusoma ukurasa ule ule mara tatu au nne, kisha huamini kuwa wameuelewa. Mwaka wa 2006, wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilirudia kusoma kifungu. Jingine lilikisoma, kisha likajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vyema zaidi. Baada ya siku mbili, na hata baada ya juma moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka mengi. Maana yake ni kwamba wepesi anaouhisi msomaji papo hapo si kipimo cha kile kitakachosalia.

Matokeo haya yanaoana vizuri na fasihi. Mwanafunzi asome sura moja, afunge kitabu, kisha asimulie kwa maneno yake yaliyotokea, nani alimwambia nani, na kwa nini. Ndipo afungue tena kuona alichokisahau. Sura hiyo airudie kwa namna hiyo hiyo baada ya siku mbili, na tena baada ya juma moja. Majuma matatu yanatosha kwa mzunguko huu iwapo haba na haba itajaza kibaba. Zoezi hili halihitaji gharama yoyote, na linawezekana hata pale ambapo nakala moja inasomwa na watu watatu, kwani anayesimulia humwachia mwenzake kitabu.

Nyumbani kama maktaba

Kuna uwanja mmoja ambao likizo huuwezesha kuliko darasa, nao ni fasihi simulizi. Silabasi inamtaka mwanafunzi ajue utafiti wa nyanjani: kuandaa maswali, kuhoji, kushuhudia utendaji, kurekodi na kuhifadhi. Shuleni, mambo haya hubaki kuwa vichwa vya kukariri. Nyumbani yuko nyanya ajuaye ngano, ziko nyimbo za kubembeleza watoto, na pengine kuna harusi au matanga kijijini. Anayechota maji au kuchunga mifugo na ndugu zake anaweza kukusanya vitendawili kumi kwa siku moja. Aliyewahi kuandika wimbo wa kazi, akamwuliza mwimbaji huimbwa lini na kwa nini, hatatatizika kueleza sifa za nyimbo za kazi.

Jambo hili linawahusu hasa wasichana na wavulana ambao kazi za nyumbani huwapunguzia saa za kusoma. Kwao, kazi hizo zinaweza kuwa sehemu ya somo. Hata hivyo, si haki kuwaachia mzigo wote. Mzazi akimtengea mtoto saa moja yenye mwanga na utulivu, atakuwa amemjengea msingi ambao pesa za miongozo haziwezi kuununua.

Hitimisho

Mwanafunzi asiyesoma ila miongozo leo ndiye atakayeingia kesho katika mihadhara yetu akitaka muhtasari wa kila diwani. Sisi wa chama hiki pia hurudi kwetu wakati wa likizo. Tukimkuta mdogo wetu na mwongozo mkononi, tusimkemee. Tumwombe atusimulie sura aliyoisoma jana, nasi tuketi tumsikilize hadi mwisho. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumewatendea haki waandishi wetu na walimu watakaompokea mwanafunzi huyo.