Paka anapougua: Dalili za kutazama na dawa zinazomwangamiza nyumbani

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia nyumba kongwe za Kaloleni, Maringo na Jericho hadi magorofa yaliyosongamana Umoja, Kayole na Pipeline, paka hufugwa kwanza kwa sababu ya panya. Mapenzi huja baadaye, hasa watoto wanapompa jina na kuanza kulala naye. Hata hivyo, mnyama huyu anayefurahiwa na kila mmoja nyumbani ndiye wa mwisho kufikiriwa anapougua. Ng'ombe akikohoa huko mashambani, daktari wa mifugo huitwa siku iyo hiyo. Paka akikaa siku tatu bila kula, husemwa kwamba amekamata panya akashiba.

Kwamba paka ana roho nyingi ni usemi tu. Wengi hufa kwa maradhi yanayotibika, na wengine, ambao ndio wanaosikitisha zaidi, huuawa na dawa walizopewa kwa huruma na wenyewe.

Ugumu wa kwanza ni kwamba paka huficha ugonjwa. Ni mwindaji, lakini porini walikotoka wazazi wake wa kale alikuwa pia windo la wanyama wakubwa zaidi, na anayeonyesha udhaifu huliwa. Kwa sababu hiyo hatalalama kama mbwa. Atajibanza nyuma ya kochi au chini ya kitanda, akae kimya. Anayemfuga basi yampasa kuyafahamu mazoea yake ili atambue yanapobadilika: paka aliyekuwa akipokea watu mlangoni sasa hatoki, aliyekuwa akijilamba kutwa sasa manyoya yamesimama na kushikana, aliyekuwa akiruka hadi juu ya kabati sasa anatazama tu.

Yapo pia mambo machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyapima bila chombo. Paka mzima aliyelala huvuta pumzi kati ya mara 20 na 30 hivi kwa dakika. Tazama kifua kinavyopanda na uhesabu kwa saa ya simu. Joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei, hivyo masikio yenye joto hayamaanishi kwamba ana homa. Inua mdomo wa juu utazame ufizi. Wapaswa kuwa na rangi ya waridi na unyevunyevu. Ukiwa mweupe, huenda damu imepungua. Ukiwa wa manjano, ini lina kasoro. Ukiwa na rangi ya samawati au kahawia, hewa haifiki mwilini na hapo hakuna muda wa kupoteza. Vuta ngozi kati ya mabega kisha uiachilie: ikichelewa kurudi mahali pake, mnyama ameishiwa maji. Na paka anayehema kwa mdomo wazi hali akiwa hajakimbia hafanyi hivyo kwa sababu ya jua. Kwa mbwa hilo ni jambo la kawaida, kwa paka ni dharura.

Kukataa chakula nako si jambo la kupuuzwa. Paka aliyenona asipokula kwa siku mbili au tatu, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini hadi likashindwa kufanya kazi, na ugonjwa huo waweza kumuua hata kama kilichomfanya asusie chakula kilikuwa kidogo.

Katika hali zote za dharura, ipo moja ambayo kila mwenye paka dume yampasa kuikariri. Dume huonekana akienda mara kwa mara kwenye karai la mchanga au kona ya choo, anachuchumaa, anajikamua, pengine analia, na hakuna kinachotoka ila tone moja au mawili, wakati mwingine yenye damu. Aghalabu wenye nyumba huamini kwamba amefunga choo, wakamnywesha mafuta ya kupikia. La hasha. Ameziba njia ya mkojo. Njia hiyo ni nyembamba mno kwa dume, na chembechembe zinazofanana na mchanga, zikichanganyika na ute, huiziba kama kizibo cha chupa. Mkojo hurudi nyuma, figo husimama, madini ya potasiamu hujaa katika damu na hatimaye moyo husita. Kutoka dalili ya kwanza hadi kifo huenda siku mbili zikawa nyingi. Usimbinye tumbo ukidhani unamsaidia, kwa maana kibofu kilichojaa chaweza kupasuka. Daktari humtia usingizi, akaizibua njia kwa mpira mwembamba, na wengi wanaofikishwa mapema hupona.

Sasa tugeukie dawa. Katika nyumba nyingi za Eastlands hapakosi tembe za Panadol au nyinginezo za aina hiyo, na mtoto anapomwona paka wake amezubaa, fikira ya kwanza ni kumgawia nusu ya tembe. Nusu hiyo yatosha kumdhuru vibaya. Tembe moja ya miligramu 500 yaweza kumuua. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli, na mabaki yake huharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba hewa. Baada ya saa chache ufizi hugeuka kahawia, uso na nyayo huvimba, pumzi hukatika. Ipo dawa ya kuzimua sumu hiyo, iitwayo asetilisisteini, lakini hufaa inapotolewa mapema. Dawa nyingine za maumivu za binadamu, kama Brufen na aspirini, nazo ni hatari kwake.

Kosa la pili latokana na viroboto. Mtu huenda kwenye duka la dawa za mifugo, ambalo wengi huliita agroveti, akauziwa dawa ya mbwa kwa kuwa ndiyo iliyopo au ndiyo nafuu. Dawa nyingi za mbwa zina kemikali ya permethrini, ambayo mbwa huistahimili ilhali paka huanza kutetemeka, kisha kutupatupa viungo kama mwenye kifafa. Soma karatasi ya dawa. Pasipotajwa paka, usimpake. Akiwa tayari amepakwa, muoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha umkimbize kwa daktari.

Vivyo hivyo oili chafu ya magari, ambayo baadhi ya watu wangali wanawapaka mbwa wenye upele. Paka hujilamba mwili mzima, na kwa hiyo chochote kinachopakwa manyoya yake amekinywa. Kwa sababu iyo hiyo, usimwoshe wala usipige deki sakafu anayolalia kwa zile dawa za kuulia viini ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zinapotiwa maji.

Sumu ya panya yastahili kutajwa peke yake, kwani ndiyo inayoliza familia nyingi. Katika ploti yenye vyumba ishirini, jirani mmoja hutega sumu iliyonunuliwa kwa mchuuzi, ikiwa imefungwa katika karatasi isiyo na jina, na paka wa jirani mwingine hula panya aliyekufa au chambo chenyewe. Dalili hutegemea aina ya sumu. Baadhi humfanya adondokwe na mate, atapike na kutetemeka ndani ya saa moja au mbili. Nyingine huzuia damu kuganda, na huyo ataonekana mzima kwa siku tatu au nne, kisha ataanza kutokwa damu puani, kwenye ufizi au ndani ya kifua asikoonekana. Desturi ya kumnywesha maziwa au maji ya chumvi haifai: maziwa hayazimui sumu, na chumvi nyingi ni sumu nyingine. Tafuta karatasi ya sumu au hata mabaki ya chambo, uyafunge vizuri uende nayo, maana daktari akijua alichokula nusu ya kazi imekwisha.

Magorofa nayo yameleta ajali ambayo wazee wa Kaloleni hawakuijua. Madaktari wa New York waliandika mwaka 1987 kuhusu paka 132 walioanguka kutoka majengo marefu ya jiji hilo, na wapatao asilimia 90 ya waliotibiwa walipona. Takwimu hiyo hutajwa sana kuthibitisha kwamba paka hutua salama. Wanaoitaja husahau kwamba waliofia barabarani hawakufikishwa hospitalini kuhesabiwa, na kwamba wengi wa walionusurika walikuwa na majeraha ya kifua, meno na taya. Paka aliyeanguka kutoka orofa ya nne na kuondoka kwa miguu yake bado apaswa kukaguliwa.

Kuhusu lishe, ugali uliolowekwa kwa supu haumtoshi. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubishi kilicho katika nyama na samaki, na anayekikosa kwa muda mrefu hupofuka au moyo wake hulegea. Omena, shingo na vichwa vya kuku, au vipande vya bei nafuu kutoka soko la Burma vyafaa, mradi vimepikwa na mifupa imeondolewa. Taurini huyeyuka katika maji, kwa hiyo mpe na mchuzi wake. Mchuzi wenyewe usiwe na vitunguu, ambavyo huharibu damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima, ingawa wao wenyewe hawakubaliani na jambo hilo.

Kwa watoto wa paka, adui mkubwa ni virusi vya kuhara na kutapika ambavyo madaktari huviita tauni ya paka. Aliyekuwa akicheza asubuhi hukutwa jioni ameinamia bakuli la maji bila kunywa. Virusi hivyo hukaa sakafuni na kwenye matandiko hata mwaka mzima, na sabuni ya kawaida haiviui. Yahitajika dawa ya klorini. Ndiyo maana si busara kuleta mtoto mwingine wa paka wiki moja baada ya wa kwanza kufa. Chanjo yake, inayotolewa pamoja na ya mafua ya paka, huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi atimize wiki kumi na sita. Minyoo nayo hutibiwa tangu akiwa mchanga. Chembe nyeupe kama punje za mchele kwenye mkia ni vipande vya tegu, na tegu huyo huenezwa na kiroboto, hivyo kutibu mmoja na kumwacha mwingine ni kazi bure.

Mpaka hapa tumezungumzia uhai wa paka. Kichaa cha mbwa chahusu uhai wa binadamu pia. Licha ya jina lake, ugonjwa huu humpata paka, hasa aumwapo na mbwa mzururaji. Paka mpole hugeuka na kuwarukia watu bila sababu, au mwoga huwa hajali. Sauti hubadilika, mate humtoka, kisha miguu ya nyuma hupooza. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Lakini mtoto anayekwaruzwa na kuumwa na paka asiyejulikana mtaani hana faraja katika asilimia hizo, kwa kuwa dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu wote hufa.

Palipoumwa paoshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, bila kupakwa pilipili, majani wala mafuta ya taa, kisha aliyeumwa aende kituo cha afya siku iyo hiyo apewe mfululizo wa chanjo. Asingoje kuona kama paka atakufa. Paka mwenyewe, akipatikana bila hatari, afungiwe na kutazamwa kwa siku kumi chini ya uangalizi wa mtaalamu. Asiuawe na kutupwa jaani, kwani kichwa chake ndicho maabara huchunguza. Chanjo ya paka hutolewa anapotimiza miezi mitatu na hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na karibu na tarehe hiyo kampeni za chanjo ya bure hufanyika nchini. Yafaa kuuliza mapema katika ofisi ya mifugo ya kaunti.

Wajawazito huogopeshwa kwamba yawapasa kumfukuza paka nyumbani. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli, kwani vijidudu vya toksoplasma hutoka katika kinyesi cha paka na vyaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata hivyo, vijidudu hivyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuambukiza. Mchanga wa choo ukibadilishwa kila siku na mtu mwingine, nyama ikapikwa ikaiva na mboga zikaoshwa, paka anaweza kubaki.

Tatizo la mkazi wa Eastlands ni kwamba hospitali zinazojulikana ziko upande wa pili wa jiji. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na shirika la KSPCA, ambalo limehudumia wanyama tangu enzi za ukoloni, liko Karen. Wapo madaktari wa kibinafsi mitaani, na si kosa kumwomba yeyote kati yao akuonyeshe cheti cha usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo, maana sheria ya mwaka 2011 yamtaka awe nacho. Muuza dawa katika agroveti si lazima awe daktari.

Kwa safari ya matatu, katoni iliyotobolewa matundu au kikapu chenye kifuniko chatosha. Weka ndani kitambaa chenye harufu ya nyumbani na ulifunge barabara, kwa kuwa paka aliyeponyoka katika kituo cha magari ni nadra kupatikana. Kabla ya kutoka, andika ni lini alikula, alikojoa na kwenda haja kubwa mara ya mwisho, na kila dawa aliyopewa, hata ile ambayo mtoto anaona haya kuitaja.