Moyo wa Mwenzi Wako Unapodunda Ovyo

Usiku mtulivu, umelaza kichwa kifuani kwa mwenzi wako. Kwenye nyimbo za mapenzi moyo hudunda kwa raha zake, lakini huu unaousikia una mambo yake: unakimbia, unasita, unaruka, kisha unakimbia tena kama kuku aliyeona mwewe. Unamuuliza, "Mpenzi, mbona moyo wako hivi?" Anajibu, "Aah, uchovu wa kazi tu."

Msomaji wetu, usikubali yaishie hapo.

Umeme uliokosa adabu

Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Umeme huo ukivurugika, vyumba viwili vya juu vya moyo huacha kusukuma damu na kubaki vikitetemeka. Madaktari huita hali hii fibrilesheni ya atria. Mgonjwa anaweza kuhisi mapigo ya kasi, pumzi kukata akipanda ngazi, kizunguzungu, au asihisi chochote. Hatari kubwa ni kwamba damu iliyotuama huganda, na bonge lake likisafiri hadi ubongoni, hicho ni kiharusi. Mwenye tatizo hili ana hatari ya kiharusi takribani mara tano ya asiye nalo.

Usidhani ni maradhi ya wazee na wenye presha peke yao. Kwetu Afrika Mashariki yapo pia mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, yanayoweza kuzaa homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo. Miaka inapita, mtoto anakuwa dada mrembo mwenye kazi na mchumba, ndipo moyo unaanza vituko.

Puto lenye mwanga

Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa cheche nyingi za vurugu hii hutoka kwenye mishipa inayorudisha damu moyoni kutoka mapafuni. Basi wataalamu wakatafuta namna ya kuzizuia mlangoni.

Njia mojawapo ni puto la leza. Daktari hupitisha mrija mwembamba, yaani katheta, kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Puto hujazwa umajimaji na kuziba mdomo wa mshipa, kamera ndogo iliyo ndani humwonyesha daktari anapolenga, kisha leza huchoma nukta baada ya nukta hadi duara likamilike. Kovu hilo huwa ukuta, na cheche hazivuki.

Ni muujiza? Hapana. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015, wagonjwa 353 wenye tatizo la kuja na kuondoka, ambao dawa zilikuwa zimewashinda, waligawanywa makundi mawili. Baada ya mwaka mmoja, takribani 61 kati ya kila 100 waliotibiwa kwa puto walikuwa salama, karibu sawa kabisa na waliochomwa kwa njia ya kawaida. Baadhi walipata madhara kwenye mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo cha kupumulia. Marekani iliidhinisha puto hilo 2016.

Kutoka Mbuji hadi Muhimbili

Sasa vuta picha ya kijana wa Mbuji, kwenye milima ya Wamatengo, familia yake ikiishi kwa kahawa. Kwake safari haianzi na leza. Inaanza na kipimo cha umeme wa moyo, cha dakika chache tu, na kipimo cha eko kinachoonyesha vali. Rufaa ikibidi, ni Mbinga, Songea, halafu barabara ndefu hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa 2015 pale Muhimbili. Na kama vali ndiyo mbovu, kuchoma cheche peke yake hakutamaliza tatizo. Vali nayo inahitaji tiba.

Kidonge kinachofichwa kwenye mkoba

Kwa wengi, kinachookoa maisha kila siku ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Utafiti wa kimataifa wa 2022, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wenye vali zilizoharibiwa na baridi yabisi, ulionyesha kuwa dawa kongwe za kundi la wafarini ziliwafaa kuliko rivaroksabani, dawa mpya. Lakini wafarini inataka nidhamu: kupima damu mara kwa mara, kula mboga za majani kwa kiasi kisichobadilika sana, na kutochanganya na dawa za kienyeji bila kumwambia daktari.

Na hapa ndipo wapenzi wanapoingia. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama. Kwa hiyo dada anayeficha vidonge ili asiachwe kabla ya harusi anacheza na roho mbili. Muoneni daktari pamoja kabla ya kutafuta mtoto, dawa ipangwe upya.

Nawe kaka, akikueleza, usikimbilie kuwauliza wazee kama mahari inarudishwa. Amekuamini! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mpe sababu ya kutoficha.

Leo usiku, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mwenzi wako, chini ya kidole gumba, kwa dakika nzima. Mapigo yakienda bila mpangilio, kesho msiende kazini kwanza. Nendeni hospitali, wote wawili.