Kuhara safarini: dawa za dukani na mipaka yake

Foleni ya malori Tunduma, Malaba au Kasumbalesa huweza kumshikilia dereva siku kadhaa, na muda wote huo yeye na utingo wake wanakula kwa mama lishe na kunywa maji ya madumu. Tumbo likichafuka, wengi hukimbilia duka la dawa na kuomba "kitu cha kufunga" ili mzigo usichelewe.

Dawa hiyo mara nyingi ni loperamide, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Imodium. Haiui vimelea, hupunguza tu mwendo wa utumbo. Mtu mzima huanza na vidonge 2 vya miligramu 2, kisha 1 kila baada ya choo cha majimaji, asizidishe 4 kwa siku wala kuendelea zaidi ya siku 2 bila daktari. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuwa kuzidisha sana dozi huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua. Aidha, dawa hii huweza kuleta usingizi na kizunguzungu, hivyo aliyeimeza asishike usukani kabla hajajua inamfanyaje.

Isitumike kabisa ikiwa choo kina damu, kuna homa kali au tumbo limevimba. Watoto wasipewe bila agizo la daktari.

Hata hivyo, kinachoua katika kuhara ni upungufu wa maji na chumvi mwilini, na loperamide hairudishi hata tone. Cha kununua kwanza ni ORS, yaani maji ya chumvichumvi. Pakiti nyingi ni za lita 1, lakini zipo ndogo zaidi, kwa hiyo soma maelezo. Anayemimina pakiti ya lita nzima kwenye chupa ya nusu lita anazidisha chumvi, na hali huweza kuwa mbaya zaidi. Tumia maji yaliyochemshwa au ya chupa, na yakipita saa 24 yamwage. Pakiti ikikosekana, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1.

Flagyl nayo humezwa kama pipi. Ni dawa ya amiba, giardia na baadhi ya bakteria, si ya kila kuhara, na inahitaji cheti cha daktari.

Choo kikiwa kama maji ya mchele, tena kingi, huenda ni kipindupindu. Malawi ilikumbwa nacho mwaka 2022 na Zambia kuanzia Oktoba 2023, nchi ambazo malori yetu hupita. Wapo wanaomeza dawa ya kufunga ili wasizuiwe na maofisa wa afya mpakani. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache tu, hivyo egesha gari, nenda kituo cha afya, na unywe ORS ukiwa njiani.

Pakiti zilizokaa kwenye joto la kabini zikageuka rangi ya kahawia zisitumike.