"Hakuna" Ndani ya Kisanduku: Mafunzo ya Programu kwa Watumishi wa Afya wa Kamina

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu mwaka 2015, ni njia panda ya reli: reli itokayo Lubumbashi hugawanyika hapo, tawi moja likielekea Kasai na jingine Kabalo. Nyumbani wenyeji wengi husema Kiluba. Kazini na sokoni Kiswahili hutamalaki. Lakini fomu na programu za ofisini ni za Kifaransa. Hali hii husahauliwa aghalabu mafunzo ya kompyuta yanapopangwa.

Chukua DHIS2, programu iliyobuniwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Wizara ya Afya ya Kongo huitumia kukusanyia takwimu. Kila mwezi muuguzi wa kituo cha afya hujaza fomu kutoka katika madaftari yake. Fomu hupelekwa kwenye ofisi ya zoni ya afya, na huko mtumishi mwingine huingiza tarakimu. Kubonyeza vitufe hujifunzwa upesi. Ugumu umo katika kisanduku kitupu. Muuguzi asemapo "hakuna", huenda ana maana kwamba alitafuta watoto waliopooza ghafla asipate hata mmoja, au kwamba hakutafuta kabisa. Neno ni lile lile. Kwa programu, maana ya kwanza ni sifuri na ya pili ni pengo. Tena DHIS2, isipoelekezwa vinginevyo, haihifadhi sifuri. Mwaka 2017 polio itokanayo na virusi vya chanjo ilizuka Haut-Lomami, na ugonjwa huo husakwa kwa kuripoti hata sifuri.

Kutafsiri skrini pekee hakungetosha. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba programu nzima; lakini "hakuna" ingebaki na utata wake.

Mafunzo yafaayo huanzia kwenye daftari la mtumishi mwenyewe, si kwenye mfano wa kubuni. Mkufunzi huuliza kwa Kiswahili, "Hakuna wagonjwa, ama hakuna hesabu?", ndipo aonyeshe neno la Kifaransa. Baada ya mwezi hurudi, kwani makosa ya kweli hujitokeza kwenye fomu za kweli. Semina ya siku tatu, pamoja na posho yake ipendwayo, haifiki huko. Na darasani humkalisha pia muuguzi, ingawa yeye hagusi kompyuta: pengo huzaliwa mikononi mwake, na mwingizaji wa takwimu hulipokea tu.