Ukiwa na siku moja ya ziada Dar es Salaam

Wengi wetu wa Mpanda hufika Dar kwa matibabu, mzigo au msiba, tukarudi bila kuona mji. Ukisubiri treni ya kurudi, tunashauri hivi.

Asubuhi nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Ndiko linakotunzwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, ambalo watoto wetu hulisoma darasani tu. Beba kitambulisho, kwa sababu Mtanzania hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni.

Jirani ipo Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Pumzika kivulini.

Mchana tembea hadi soko la samaki Feri, ule samaki wa bahari aliyekaangwa papo hapo. Uliza bei kwanza.