Mbu Wanaolelewa Juu ya Kichwa Chako

Leo tunakuomba utoke nje, usimame uani, halafu uinue macho. Nyasi mmefyeka, madimbwi mmefukia, makopo yote mmetupa. Safi sana! Lakini pale juu, kwenye ukingo wa bati, je? Kama nyumba yenu ina gata, yaani ule mfereji unaopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa, ni lini mara ya mwisho mtu alichungulia ndani yake?

Wengi watajibu, "Aa, hatujawahi." Basi soma makala hii mpaka mwisho.

KINACHOTOKEA HUMO NDANI

Majani ya mwembe, vumbi, viota na vinyesi vya ndege hujikusanya kidogo kidogo ndani ya gata. Mwisho huziba tundu la bomba la kushushia maji. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda, yanatuama. Wewe unaona ni uchafu tu. Kwa mbu aina ya Aedes aegypti, hiyo ni wodi ya wazazi!

Mbu huyu siye yule anayeambukiza malaria, tunayemkwepa usiku kwa chandarua. Huyu ni mweusi, ana mabaka meupe miguuni, na anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Ndiye anayeeneza homa ya dengi (wengine huiita kidingapopo), chikungunya na homa ya manjano. Hapendi sana madimbwi ya tope. Anapenda maji yaliyotuama kwenye vitu vya nyumbani: ndoo, matairi, vifuu, tenki lisilofunikwa na gata iliyoziba. Kwenye joto la kwetu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10 hivi.

Dengi si mchezo. Jiji la Dar es Salaam lilipata mlipuko mwaka 2014, likapata mwingine mwaka 2019 ambapo maelfu ya watu waliugua. Mombasa nayo ilikumbwa mwaka 2013 na tena 2017. Wagonjwa wengi hupona, lakini baadhi hutokwa na damu ndani ya mwili na kupoteza maisha. Hakuna dawa ya kuua kirusi cha dengi. Ndiyo maana kumzuia mbu ni muhimu kuliko yote.

JE, WAJUA?

Mbu huyu hatagi mayai majini. Anayabandika kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakikauka, mayai hayafi! Yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi, hata sita na zaidi, yakingoja mvua. Masika ikianza, yanalowa na kuanguliwa.

Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, na kuzoa majani peke yake hakutoshi. Ni LAZIMA USUGUE kuta.

KABLA YA KUPANDA

Kwanza, mwombe ruhusa mama, baba au mlezi wako, na mtu mzima awepo. Pili, kazi hii si ya wavulana tu. Msichana akivaa suruali na viatu visivyoteleza, anapanda ngazi vizuri kabisa.

Kuanguka kunaweza kukuvunja mgongo, kwa hiyo zingatia haya:

- Fanya kazi siku kavu, bila mvua wala upepo mkali.
- Angalia nyaya za umeme. Kama zinapita karibu na paa, acha, mwite fundi.
- Weka ngazi kwenye ardhi ngumu iliyo sawa. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani.
- Mwenzako aishike ngazi muda wote. Asiondoke hata akiitwa kula!
- Usiegemeze ngazi kwenye gata yenyewe, inaweza kuvunjika. Usijinyooshe kufikia mbali. Shuka, sogeza ngazi, panda tena.
- Nyumba ya ghorofa si ya kwako. Mwachie fundi.
- Kama paa au gata ni ya zamani yenye asbesto, usiisugue. Vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani.

Vaa glavu, au funga mifuko ya plastiki mikononi. Jifunge kitambaa puani na mdomoni, maana vinyesi vilivyokauka hutoa vumbi baya.

HATUA KWA HATUA

1. Kama gata inapeleka maji kwenye tenki, chomoa bomba kwanza ili uchafu usiingie humo.

2. Ziba tundu la bomba kwa kitambaa. Ukisahau hapa, majani yote yatatumbukia humo na kazi itakuwa mara mbili.

3. Zoa uchafu kwa mwiko wa fundi au kipande cha dumu lililokatwa. Weka kwenye ndoo iliyofungwa kwa kamba. Usitupe chini ovyo, mwenzako yuko hapo!

4. Sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, kote mpaka kwenye pembe. Hapa ndipo mayai yanapong'oka. Maji ya kusugulia yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na ndoo na mitaro.

5. Toa kitambaa. Mimina ndoo ya maji upande ulio mbali na bomba, kisha tazama. Maji yakitoka chini kwa kasi, poa. Yakichuruzika tu, bomba limeziba. Ingiza fimbo ndefu inayopinda au mpira wa maji, ukianzia chini. Ikishindikana, fungua bomba kwenye kona. Mara nyingi ndipo uchafu unapokwama.

6. Subiri dakika chache, kisha chungulia. Kuna mahali maji yamebaki? Basi gata imelegea na kubonyea. Bila kurekebisha hapo, mbu watarudi hata kama pamesafishwa. Inapaswa kuteremka kuelekea kwenye bomba, angalau sentimita 1 kwa kila mita 2. Kaza vishikio vyake au mwombe fundi avipandishe.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Uchafu uliozoa ufukie.

NA MAJI YA KUNYWA JE?

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa la mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, hiyo ni kama lita 1,000, ingawa kiasi fulani hupotea. Ni maji mengi! Lakini hupita kwenye gata, na gata ikiwa na vinyesi, mnakunywa vinyesi.

Yaache maji ya kwanza baada ya kiangazi yapotee, ndipo urudishe bomba kwenye tenki. Funika tenki vizuri, na kila tundu liwe na wavu mdogo ambao mbu hapiti. Maji ya kunywa yachemsheni.

UKISHIKWA NA HOMA

Homa kali ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma: nenda kituo cha afya upimwe. Usijiamulie kwamba ni malaria, na usijiamulie kwamba si malaria. Wakati unasubiri majibu, usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Kama ni dengi, zinaweza kuongeza kutokwa damu. Parasetamo kwa kipimo sahihi inafaa. Ukianza kutapika mfululizo, tumbo kuuma sana au kutoka damu puani au kwenye fizi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Safisheni gata kabla ya masika na kabla ya vuli. Wakati wa mvua, chunguza kila wiki kama bomba linatoa maji. Mbu huyu kwa kawaida haruki mbali, kwa hiyo anayekuuma huenda amezaliwa kwenu au kwa jirani. Ukimaliza kwenu, mwambie na jirani. Mwazimeni hata ngazi!