Faida ya Kiumbe Mdogo katika Mchezo wa Karata

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wazazi wetu, msishtuke kuona neno karata katika gazeti la shule. Karata nitakazozieleza hazichezwi kwa fedha, na mwalimu wa bweni ametupa ruhusa kuzicheza Jumamosi alasiri, usafi na kufua nguo vikiisha. Mchezo wenyewe waitwa Magic: The Gathering. Ulibuniwa na Richard Garfield, Mmarekani aliyesomea hesabu, ukatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Bwenini mwetu uliingia mwaka jana, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza alipoletewa sanduku la karata na shangazi yake akaaye Uingereza. Baadaye wawili watatu kati yetu tulipata zetu kwa jamaa waliotoka safari.

Nataka kueleza jambo moja tu, yaani jinsi ya kupima faida ya kiumbe dhaifu katika mchezo huu. Nalijua jambo hili kwa sababu nililipima vibaya, nikaaibika.

Kwanza sina budi kueleza mchezo kwa ufupi. Wachezaji ni wawili, na kila mmoja ana pakiti yake ya karata zisizopungua 60, alizozichagua mwenyewe. Kila mmoja huanza na uhai 20 na karata saba mkononi. Uhai ukiisha, ameshindwa. Katika kila zamu huvuta karata moja, na aweza kuweka mezani karata moja tu ya ardhi. Ardhi ni kama shamba lake: ikilazwa ubavu hutoa mana moja, na mana ndiyo malipo ya kuwaita viumbe. Zamu yake ikirudi, ardhi zote husimamishwa tena. Basi katika zamu ya kwanza una mana moja, ya pili mbili, na ya sita sita, ikiwa hukukosa ardhi hata mara moja. Mana zina rangi tano, lakini hapa nitaziacha rangi. Kila kiumbe ana tarakimu mbili pembeni: ya kwanza ni pigo lake, ya pili ni kiasi cha pigo kinachotosha kumwua.

Karata tatu zatosha kwa mfano, na zote tatu zilikuwamo katika chapa ya kwanza ya mwaka 1993. Ya kwanza ni Craw Wurm, ambaye sisi humwita Joka. Bei yake ni mana sita, pigo lake 6, na huuawa kwa 4. Ya pili ni Llanowar Elves, tumwitaye Kibwengo. Bei yake ni mana moja, pigo lake 1, na huuawa kwa 1. Ya tatu ni Merfolk of the Pearl Trident, tumwitaye Nguva. Naye bei yake ni mana moja, pigo 1, na huuawa kwa 1.

Mimi nilikuwa na Vibwengo wanne, na wanne ndio mwisho wa karata za jina moja zinazoruhusiwa katika pakiti, isipokuwa ardhi za kawaida. Yule mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza alikuwa na Joka wawili. Nikamwendea kitandani kwake usiku mmoja kabla ya kengele ya kulala, nikamwambia, "Mdogo wangu, nakupa wanne kwa mmoja. Wapata faida ya karata tatu." Akazisoma karata zangu polepole, kisha akasema, "Haya kaka, nakubali." Nilirudi kwangu nikicheka, na wenzangu wakanipongeza. Siandiki haya kwa kujisifu. Nilikusudia kumpunja mtoto mgeni shuleni, nami ni kiranja wa bweni ambaye kazi yake ni kumlinda asipunjwe.

Jumamosi iliyofuata tulicheza, wenzetu wakituzunguka. Pakiti yangu nilikuwa nimeitoa viumbe wadogo wote nikaijaza wakubwa. Yeye alianza. Zamu ya kwanza aliweka ardhi na Kibwengo, na zamu ya pili ardhi na Kibwengo mwingine. Sasa hapa ndipo penye siri niliyoiona kila siku nisiijali. Juu ya karata ya Kibwengo pameandikwa kwamba akilazwa hutoa mana moja, kama ardhi. Hawezi kufanya hivyo zamu ile ile aliyoingia, lakini zamu ya pili aweza. Basi mwenzangu alipofika zamu ya nne alikuwa na ardhi nne na Vibwengo wawili, jumla mana sita, akamshusha Joka wake. Mimi nilikuwa na ardhi nne, na Joka niliyemnunua kwa ujanja amekaa mkononi. Zamu ya tano alinipiga, uhai wangu ukawa 14. Zamu ya sita alinipiga tena, ukawa 8. Ndipo Joka wangu aliposhuka. Zamu ya saba nilimsimamisha kumkinga mwenzake, walakini yule kijana alilipa mana moja kwa karata ya Giant Growth, ambayo humwongezea kiumbe 3 za pigo na 3 za ustahimilivu kwa zamu moja. Joka wangu akafa, wake akapona. Baada ya hapo sikuinuka tena.

Usiku ule nilichukua penseli nikajiuliza nilikosea wapi. Nimeona ya kuwa kiumbe dhaifu yafaa aulizwe maswali manne.

Swali la kwanza ni bei. Kiumbe wa pigo 1 kwa mana moja hakuibii. Angekuwa wa mana nne, ningekuwa na haki kumtupa.

Swali la pili ni kazi. Mtazame Nguva: bei ni ile ile, pigo ni lile lile, uhai ni ule ule. Ukizipima tarakimu peke yake, yeye na Kibwengo ni mapacha. Lakini karata ya Nguva haikuandikwa kazi yo yote. Kibwengo hulima, Nguva husimama tu. Mimi nilisoma tarakimu, yule mtoto alisoma maneno.

Swali la tatu ni wakati. Kibwengo wa zamu ya kwanza hukupeleka mbele ya mwenzako zamu nzima. Kibwengo wa zamu ya kumi, ardhi zikiwa tele, hakusaidii sana, na siku hiyo ungeshukuru kumvuta Joka. Je, ni mara ngapi utampata mapema? Mwalimu wetu wa hesabu alitusaidia. Katika karata 60 zenye Vibwengo wanne, ukivuta saba, uwezekano wa kukosa wote ni 53 × 52 × 51 × 50 ukigawanya kwa 60 × 59 × 58 × 57. Jibu ni karibu 0.60. Maana yake, katika michezo 100 utaanza na Kibwengo mkononi kama mara 40 tu. Kwa hiyo asiyeweka wote wanne katika pakiti asitazamie kumwona mara kwa mara.

Swali la nne ni wenzake. Mana ya ziada yahitaji kitu cha kulipia. Vibwengo bila Joka ni vibarua walioajiriwa pasipo shamba, na Joka bila Vibwengo ni bwana mkubwa anayengoja gari. Ndiyo sababu karata ile ile ilikuwa hafifu kwangu na hodari kwake.

Liko jambo moja tena ambalo wanaoanza hulikosea. Kiumbe dhaifu aweza kumkinga bwana wake: Joka akishambulia, Kibwengo akasimama mbele, atakufa yeye, lakini uhai wako haupungui hata 1. Walakini kiumbe aliyelazwa hawezi kukinga. Ukimtuma Kibwengo kutoa mana katika zamu yako, mwenzako atakapokushambulia atakuwa bado amelala. Huwezi kumtuma shambani na kumweka mlangoni kwa wakati mmoja, lazima uchague.

Wazee husema mdharau mwiba mguu huota tende. Ni kweli, lakini katika mchezo huu methali haitoshi, kwa kuwa si kila mwiba huchoma. Nguva ni mdogo, na faida yake ni ndogo vile vile. Kumpenda kiumbe kwa sababu ni mdogo ni kosa sawasawa na kumdharau kwa sababu hiyo. Kinachotakiwa ni kumsoma mpaka mwisho.

Juma la pili nilimwendea yule mdogo wangu, nikamwomba turudishiane karata. Akaniamkia vizuri, akasema, "Nisamehe kaka. Joka wako ni mzuri, lakini hawa wananifanyia kazi." Ndipo nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka kumpunja, nikamwomba radhi. Akainama kidogo akajibu, "Nilijua, kaka. Ndiyo maana nilikubali upesi."

Tangu siku ile tunacheza pamoja kila Jumamosi, naye amenishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda. Vibwengo bado ni wake. Nami, kila aingiapo mgeni wa Kidato cha Kwanza bwenini na sanduku lake, humsaidia kulibeba, tena namsikiliza kwanza kabla sijasema neno.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne